Uhandisi si kazi moja, vijana waelezwe mapema

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu namna tunavyowashauri vijana wanaofaulu hisabati na fizikia. Kijana akipata alama nzuri katika masomo hayo mawili, wazazi, walimu na majirani humwambia kwa kauli moja asome uhandisi, na hakuna anayemwuliza uhandisi upi. Naye anapofika kwenye fomu ya kuomba chuo, hujaza fani ambayo jina lake amelisikia zaidi au ile inayosemekana kuwa na mshahara mnono. Nimefanya kazi ya uhandisi ujenzi kwa zaidi ya miaka 30 na nimepokea vijana wengi wa mafunzo kwa vitendo. Baadhi yao, wakiwemo walionizidi akili kwa mbali, walijutia uchaguzi wao, kwa sababu kazi waliyoikuta haikufanana hata kidogo na ile waliyokuwa wameifikiria.

Masomo ya mwaka wa kwanza hayamsaidii kijana kuzipambanua fani hizi, kwa kuwa yanakaribiana mno. Mimi huzipambanua kwa maswali mawili: mhandisi wa fani hiyo anaishi na kosa la aina gani, na kosa hilo huchukua muda gani kabla ya kuonekana?

Nianze na fani yangu. Katika karne ya 18 Mwingereza John Smeaton, ambaye mnara wake wa taa wa Eddystone ulikamilika mwaka 1759, alijiita mhandisi wa kiraia ili watu wasimchanganye na wahandisi wa jeshi waliojenga ngome na madaraja ya vita. Kiswahili kimeiita kazi hiyo uhandisi ujenzi, na nadhani sehemu ya upotofu huanzia hapo, maana kijana akisikia ujenzi huwaza nyumba. Umbo na mpangilio wa nyumba ni kazi ya msanifu majengo. Sisi hukokotoa kama itasimama, na zaidi ya nyumba tunashughulika na barabara, madaraja, mabwawa, mifumo ya majitaka, na udongo unaovibeba vyote hivyo. Wapo wenzetu ambao maisha yao yote ya kazi yanahusu udongo tu. Mnara wa Pisa ulioanzwa kujengwa mwaka 1173 uliinama kwa sababu ya udongo laini, na ulipofungwa kwa wageni mwaka 1990 kwa hofu ya kuanguka, wahandisi waliondoa udongo kidogo kidogo chini ya upande ulioinuka hadi mnara ukarudi nyuma kiasi na kufunguliwa tena mwaka 2001.

Ugumu wa fani hii ni kwamba daraja huwezi kulijenga, ukalivunja kwa majaribio, kisha ukajenga jingine. Zege tunalomwaga leo tunalichukulia sampuli, na sampuli hizo hupondwa maabara siku ya 7 na siku ya 28; wakati majibu ya mwisho yanafika, huenda ghorofa nyingine imeshapanda juu ya ile tunayoipima. Ndiyo maana sehemu kubwa ya siku yangu haipiti kwenye kofia ngumu kama picha za matangazo zinavyoonyesha, bali kwenye makaratasi: kukagua michoro, kuhakiki hesabu za mwenzangu, kumjibu mkandarasi anayeomba kubadilisha jambo linaloonekana dogo. Tarehe 17 Julai 1981 mjini Kansas City, Marekani, vijia viwili vilivyoning'inia ndani ya ukumbi wa hoteli viliporomoka na kuua watu 114. Mchoro wa awali ulikuwa na vyuma virefu vilivyopita moja kwa moja kutoka darini, vikibeba kijia cha juu na cha chini. Wakati wa utengenezaji kila chuma kikagawanywa kuwa viwili, hivyo kijia cha chini kikawa kinaning'inia kwenye kile cha juu, na kiungo cha juu kikabeba mzigo maradufu. Badiliko hilo lilipita mezani bila mtu kulikokotoa upya. Kijana asiyependa kusoma karatasi kwa makini asije kwetu, hata kama hisabati anaiweza kuliko sisi sote.

Mhandisi mitambo ana uhuru ambao sisi hatuna, kwa kuwa anaweza kutengeneza kifaa kimoja na kukivunja makusudi ili ajue kinashindwa wapi. Wengi hudhani kazi yake ni magari, lakini pampu, mitambo ya baridi, turbini na mashine za kiwandani ndizo zinazowaajiri walio wengi. Adui yake mkubwa ni uchovu wa metali, yaani chuma kilichohimili mzigo mara elfu moja kuja kupasuka kwa mzigo uleule baadaye. Ndege za abiria aina ya Comet zilipovunjika angani mwaka 1954, wachunguzi waliiweka bodi ya ndege nzima ndani ya tangi la maji, wakaijaza shinikizo na kuliachia tena na tena kana kwamba inaruka na kutua, mpaka ikapasuka mbele ya macho yao. Mwenye subira ya kurudia jaribio moja mara elfu atafurahia kazi hiyo.

Uhandisi umeme nao ni nyumba yenye vyumba vingi, na anayesanifu saketi ndogo ya simu hafanani kwa lolote na anayesimamia njia kuu za kusafirishia umeme. Huyu wa pili anahesabu hasara: kwa nguvu ileile, msongo wa umeme, yaani volti, ukiongezwa mara mbili mkondo hupungua kwa nusu, na joto linalopotea kwenye nyaya hushuka hadi robo, ndiyo sababu nguzo ndefu zinazovuka mapori hubeba msongo mkubwa kiasi kile. Umeme hauonekani, na kosa lake hutokea mara moja tu likamaliza kila kitu. Wenzangu wa fani hiyo ni watu wa utaratibu mkali, na kabla ya kugusa waya watapima, watafunga swichi kwa kufuli, kisha watapima tena.

Fani inayoeleweka vibaya kuliko zote ni uhandisi kemikali. Watu humchanganya mhandisi huyu na mkemia, hali yeye huanzia pale mkemia anapoishia. Mkemia Fritz Haber alionyesha mwaka 1909 jinsi ya kutengeneza amonia kutokana na naitrojeni ya hewani na haidrojeni, lakini ilikuwa kazi ya Carl Bosch kuigeuza chupa ya maabara kuwa kiwanda, ambacho kilianza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Haidrojeni, kwa joto na shinikizo lile, iliufanya ukuta wa chuma kuwa mwepesi wa kuvunjika, na mabomba yakapasuka. Bosch akaweka bomba la chuma laini ndani, na ule ukuta wa nje akautoboa matundu madogo ili gesi iliyopenya itoroke. Hisabati ya fani hii ina ukatili wake. Chombo kikikuzwa mara 10 kila upande, ujazo wake huongezeka mara 1,000 ilhali eneo la kutolea joto huongezeka mara 100 tu, kwa hiyo jambo lililopoa lenyewe mezani linaweza kulipuka kiwandani.

Wahandisi wa programu hutuonea huruma sisi wa zege, kwa kuwa wao hukosea asubuhi na kusahihisha kabla ya chakula cha mchana. Hata hivyo makosa yao hujua kujificha. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika chini ya sekunde 40 baada ya kuruka, kwa sababu programu iliyohamishwa kutoka Ariane 4 ilijaribu kuiingiza namba kubwa katika nafasi ndogo. Kwenye roketi ya zamani namba hiyo haikuwahi kufikia ukubwa ule.

Ziko fani nyingine, kama uhandisi wa vifaa tiba, madini, mazingira na anga, ambazo sizijui kwa ndani vya kutosha kuzisemea. Lakini nisiwasahau mafundi sanifu. Kijana anayetaka kushika kifaa kila siku, afungue, atengeneze, afunge, mara nyingi atapata raha zaidi katika ufundi sanifu kuliko katika uhandisi, ambako kadiri unavyopanda cheo ndivyo unavyozidi kukaa mezani na kutia saini. Wazazi hawapendi kusikia hivyo, nami nimewahi kukosana na ndugu kwa kulisema.

Mhariri, kurasa zako za elimu huorodhesha vyuo, alama za kujiunga na ada. Ombi langu ni kwamba kila wiki mtenge safu moja ambamo mhandisi wa fani moja, au fundi sanifu, ataeleza alichokifanya siku iliyotangulia tangu alipoingia kazini hadi alipotoka, bila kupamba. Mkiniruhusu, nitaanza mimi na siku moja ya kumwaga zege, ambayo kwa kawaida huanza saa kumi na moja alfajiri.

Wako mtiifu,
Mhandisi ujenzi