Mbao za sakafu zizoee kwanza hewa ya Pwani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaase wakazi wenzangu wa Mombasa wanaotandika wenyewe sakafu za mbao ngumu majumbani mwao. Siwakatazi, kwani mwenye subira, msumeno mkali na vipimo sahihi anaweza kabisa kuifanya kazi hii bila fundi. Ninachokipinga ni desturi ya kununua mbao asubuhi na kuanza kuzilaza jioni, kana kwamba hewa ya mji huu ni sawa na ya nchi zilikotoka.

Mbao hunywa unyevu na kuutoa maisha yake yote, hata baada ya kupakwa vanishi. Zile zilizokaushwa kiwandani kwa ajili ya nyumba za Ulaya au Marekani zinazopashwa joto huwa na unyevu wa takribani asilimia 6 hadi 9, ilhali kwetu, katika nyumba inayoacha madirisha wazi kwa upepo wa bahari, mbao hutulia kwenye asilimia 14 hivi. Ubao wa mwaloni wenye upana wa milimita 120 ukitoka asilimia 8 hadi 14 waweza kutanuka kwa milimita 2 na zaidi, na katika chumba cha upana wa mita 4 mbao zote kwa pamoja hudai sentimita kadhaa ambazo hazipo. Ndipo sakafu inapofura katikati, na mwenye nyumba akamlaumu muuzaji au mvua za masika. Msaji hutanuka kwa kiasi kidogo zaidi, lakini nao hutanuka.

Kwa hiyo mbao zitolewe kwenye vifurushi, zipangwe kwa kutenganishwa na fito ili hewa ipite, na zikae ndani ya chumba kilekile zitakamolazwa, si stoo wala barazani, mpaka kipima unyevu kionyeshe kuwa hazibadiliki tena. Maagizo mengi hutaja siku chache tu. Mbao zilizokauka sana zaweza kuhitaji wiki kadhaa hapa kwetu. Ikiwa chumba kitatumia kiyoyozi kila siku, kiwashwe wakati huo pia, kwa maana nacho hukausha hewa.

Zege la chini nalo lichunguzwe. Zege jipya la unene wa milimita 100 huhitaji takribani miezi 4 kukauka, na katika hewa yetu huenda likahitaji zaidi, huku kuta kongwe za mawe ya matumbawe, kama zile za Mji wa Kale, zikifyonza maji kutoka ardhini mwaka mzima. Kipande cha plastiki angavu kikibandikwa pande zote juu ya zege usiku kucha, na asubuhi kukawa na matone chini yake au zege likawa jeusi, kazi isianze. Hata penye dalili ya ukavu, bado ni lazima kutandaza kizuizi cha unyevu kabla ya mbao.

Kisha iachwe nafasi ya milimita 10 hadi 15 kando ya kila ukuta, ifichwe kwa ubao mwembamba unaopigiliwa ukutani, si sakafuni. Nimeona nafasi hii ikijazwa saruji kwa sababu ati haipendezi, jambo linalonisikitisha sana.

Ombi langu kwa wauzaji wa mbao wa Mombasa ni kwamba kila kifurushi kiandikwe aina ya mti na kiwango cha unyevu siku kilipofungwa, na kipima unyevu kiwepo dukani ili mnunuzi ajipimie kabla ya kulipa. Wengi wetu hutumia akiba ya miaka kwa sakafu moja, na ni haki yetu kujua tunachobeba kwenda nacho nyumbani.

Msomaji wako,
Tudor, Mombasa