Mama, hiyo siyo fangasi: elfu thelathini yako ilikwenda wapi

Juzi mama mmoja wa miaka 52, akiwa ameshalipa shilingi elfu thelathini za kuonwa, alisimama mapokezi ya kliniki yetu akasema, benchi zima likamsikia: “Elfu thelathini yangu mmekula, hata sindano hamkunichoma!” Si wa kwanza kusema hivyo, ndiyo maana naandika.

Mama huyo alikuja na mfuko wa kaki. Alipoumwaga mezani zilitoka paketi nne za vidonge vya fangasi vya kuweka ukeni, dozi tatu za antibayotiki za UTI, moja imeishia katikati, na kipande cha shabu kimefungwa kwenye gazeti. Miezi 8 alikuwa akizunguka maduka ya dawa. Kila alipofika alisema “nawashwa, naungua”, akapewa kitu. Hakuna aliyemuuliza hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini. Ilikuwa mwaka juzi.

Tulipima mkojo, ukawa safi. Fangasi hakuna. Shida ilikuwa ukavu. Hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni hushuka, ngozi ya uke huwa nyembamba na majimaji hupungua. Hapo mtu ataungua, atabanwa mkojo kila mara, na tendo la ndoa litamuuma mpaka alikimbie. Mume naye anadhani amechukiwa. Dawa ya fangasi mahali pasipo na fangasi haitibu kitu, na pengine inazidisha kuungua. Shabu ndiyo mbaya zaidi: inakausha palipokwisha kauka, ngozi inachubuka. UTI ya kweli nayo huongezeka umri huu, kwa hiyo tunapima kwanza.

Tulipovunja ungo tuliwekwa ndani tukafundwa. Yatakayokuja hedhi ikikatika hakuna somo aliyetuambia, na inaniuma kila ninapomwona mtu mzima akinong’ona kwa aibu.

Elfu thelathini ni dakika 40 za mkunga mwenye uzoefu, kipimo cha mkojo, presha, na kuangaliwa mlango wa kizazi. Ukitoka na kilainishi cha maji tu, usidhani umeibiwa. (Mafuta ya nazi na ya mgando yanaharibu kondomu za mpira, wanaozitumia wayaache.) Ukiandikiwa krimu ya estrojeni, kwa kawaida unaiweka kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Nafuu huchukua wiki kadhaa. Wengi wanaacha siku ya tano wakisema tumewauzia maji. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti aseme mapema, maana huyo tunamshauri tofauti.

Mwingine alimeza dawa za malaria mara tatu kwa sababu ya joto la ghafla na jasho la usiku (navyo huja hedhi inapokoma), na kipimo hakikuwahi kuonyesha malaria.

Ila kuna jambo moja sitaki mtu alijaribie dukani. Hedhi ikishakatika miezi 12, damu ikirudi hata tone, njoo siku hiyohiyo. Mteja wetu mmoja alikunywa mizizi ya kukata damu miezi mitano. Alipofika kwetu tulimwandikia rufaa ya hospitali kabla hajamaliza kusimulia, na hatukumtoza.

Mkija, leteni dawa zote mlizotumia, hata maboksi matupu. Na asubuhi hiyo msijisafishe kwa ndani, tunahitaji kuona hali ilivyo.