Maandalizi ya Jumatano: somo la utoaji

Bwana asifiwe, wapendwa. Jumatano tunaingia 2 Wakorintho sura ya 8 na 9. Tafadhali someni zote mbili mapema, maana wengi wetu tunaujua ule mstari wa kutoa kwa moyo wa ukunjufu (9:7) tu.

Paulo alikuwa akichangisha kwa ajili ya maskini walio katika kanisa la Yerusalemu. Waangalieni waumini wa makanisa ya Makedonia: hohehahe, lakini ndio waliosihi waruhusiwe kutoa! Na kabla ya fedha, walijitoa wenyewe kwa Bwana (8:5). Hapo mimi hukwama kila nikisoma.

Msiiruke 8:18-21. Paulo hakutaka kuushika mchango ule peke yake. Alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, asije mtu akamlaumu. Mtume mzima! Sisi tukiulizwa mahesabu tunanuna. Uwakili, yaani kutunza kwa uaminifu mali ya Mungu, ni pamoja na daftari lililo wazi.

Swali la fungu la kumi litakuja, najua. Tuliweke mwisho, lisije likatumalizia muda kama safari iliyopita. Atakayeongoza maombi aniandikie pembeni.