Daraja la Tiran lijengwe kwa uangalifu

Mhariri,

Naandika kuhusu daraja linalopendekezwa kuunganisha Misri na Saudi Arabia juu ya Bahari ya Shamu, kupitia kisiwa cha Tiran, mpango uliotangazwa Cairo Aprili 2016. Wengi husifu biashara na utalii. Mimi nawakumbuka abiria wa feri Al-Salam Boccaccio 98, iliyozama Februari 2006 ikitoka Duba kwenda Safaga. Walikufa watu zaidi ya 1,000, wengi wao wafanyakazi waliokuwa wakirejea kwao Misri. Wenzao wanaovuka leo wanastahili njia ya barabara.

Hata hivyo, nguzo zisisimikwe kiholela kwenye matumbawe ya Tiran, kwani yakivunjwa huchukua miongo kukua tena. Serikali zote mbili zichapishe tathmini ya mazingira na kuwasikiliza wavuvi kabla ya kusaini mkataba wowote wa ujenzi.