Barua kwa mwanangu: dozi ya pili kabla hujaondoka

Mwanangu mpendwa,

Uliwahi kuniomba nisikuandikie kwa mafumbo, kwa hiyo naanza na jambo lenyewe: kabla hujahamia bweni la chuo, nenda ukachomwe dozi ya pili ya chanjo ya surua. Zimebaki wiki tatu. Taarifa ya jana usiku uliisikia, kwamba surua imeingia katika shule nyingine, na nilikuona ukiondoka sebuleni kabla mtangazaji hajamaliza. Sikujua kama ulikuwa unaikimbia sauti ya televisheni au ulikuwa unanikimbia mimi.

Ulipata dozi moja tu, ukiwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Ya pili niliikataa mimi. Mama yako alinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupaza sauti. Katika kila watu 100 waliochanjwa mara moja, takriban saba hubaki bila kinga, na baada ya dozi mbili hubaki takriban watatu. Wewe unayependa hesabu usiniambie kwamba tofauti hiyo ni ndogo, maana utalala chumba kimoja na vijana watatu usiowajua, na kirusi cha surua huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani.

Najua utadai sababu, kwa kuwa kwa miaka mingi umenisikia nikisema kinyume cha haya. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la The Lancet makala kuhusu watoto 12, iliyodokeza kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela ina uhusiano na usonji. Wewe ulitambuliwa kuwa na usonji mwaka 2009, nami nikaishika makala hiyo kwa mikono miwili. Februari 2010 jarida lenyewe likaifuta, na Mei mwaka huo huo Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza, nami nikasema mezani, nawe ukiwa umekaa hapo hapo, kwamba wamemnyamazisha. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto 657,461, nao walikuta kwamba waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Niliyasoma mara mbili, nikafunga kompyuta, na sikumwambia mtu yeyote, hata mama yako.

Mama yako hakuhitaji Denmark. Yeye alikuwa na ile video ya siku uliyotimiza mwaka mmoja, iliyopigwa miezi mitatu kabla ya sindano, ambamo sote tunakuita jina nawe unazungusha gurudumu la gari la kuchezea bila kugeuka. Dalili za usonji mara nyingi huanza kuonekana wazi katika umri ule ule ambao watoto huchanjwa, na mimi nilikumbuka sindano nikaisahau video. Daktari niliyemuuliza swali langu alicheka, akaniambia niache kusoma mambo nisiyoyaelewa. Simlaumu kwa yote, lakini waliokuwa na muda wa kunisikiliza baada ya hapo walikuwa wauzaji wa eti tiba za usonji. Miaka miwili ya kukunyima ngano na maziwa ilitoka kwao. Yale matone niliyokunywesha pia yalitoka kwao, na kemikali iliyokuwa ndani yake ni klorini dioksaidi, ambayo viwandani hutumika kung'arisha karatasi. Maumivu ya tumbo ya mwaka ule hayakuwa sehemu ya usonji wako. Nataka uyajue hayo iwapo daktari wa chuo atakuuliza kuhusu tumbo.

Lakini nawe una lako. Mara mbili umeniambia kwamba unaenda zahanati, na mara mbili umefika mlangoni ukarudi, kisha ukajifungia bila kusema neno. Kama tatizo ni taa na kelele, omba nafasi ya kwanza asubuhi, vaa vizuia sauti vyako, na umwambie muuguzi asiguse mkono wako kabla ya kukueleza anachotaka kufanya. Mtu aliyeandika mwenyewe barua ya kuomba chumba tulivu cha mitihani, akakubaliwa, hawezi kushindwa na sentensi moja kwa muuguzi. Barua ile nimeitoa nakala, na nimewaonyesha watu wengi kuliko unavyodhani.

Kuna pia mdogo wako. Ana miaka 11 na hajapata hata dozi moja, kwa sababu alipozaliwa mimi ndiye niliyeandika hapana katika fomu. Ulipokuwa na miaka 13 ulitaka kujua kama kwangu surua ilikuwa afadhali kuliko kupata mtoto mwingine kama wewe, nami nikakwambia umalize chakula. Jibu ni hapana. Lilipaswa kuwa hapana siku ile, na fomu ilipaswa kujazwa tofauti. Nilikuwa nikitafuta kilichokuharibu, huku wewe ukinionyesha ramani zako kila jioni, na sasa unakwenda kuzisomea chuoni.

Nimewaandikia nafasi nyinyi wawili Alhamisi, saa mbili asubuhi. Yeye atahitaji kurudi tena baada ya wiki nne, wewe utakuwa umemaliza. Tafadhali ukae kwenye kiti kwanza, kwa sababu yeye hukuangalia wewe, haniangalii mimi. Mimi nitasubiri nje, au ndani, utakavyopenda. Niandikie kwenye karatasi uiache juu ya friji.

Bomba la bafuni nimelitengeneza, halidondoshi tena maji usiku. Blanketi zito mama yako amelifua bila manukato, linakauka. Mdogo wako anauliza kama anaweza kuhamia chumbani kwako, na nimemwambia asiguse ramani za ukutani mpaka wewe useme ni zipi unaziacha. Kadi yako ya chanjo nimeiweka katika mfuko wa mbele wa begi la bluu. Nafasi ya dozi ya pili bado ni tupu.

Baba yako