Yesu hakupigiwa kura Nikea

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi nijibu hii meseji inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kila Krismasi ikikaribia, eti Yesu alikuwa nabii tu mpaka mwaka 325 Kaisari Constantine alipowaita maaskofu Nikea wakapiga kura awe Mungu. Cha ajabu hata Wakristo wenzangu wanaiforwadi.

Jamani, Nikea (siku hizi Iznik, Uturuki) ilikuwa ndani ya jimbo la gavana Pliny, mpagani aliyekuwa anawaua Wakristo, na huyo mnamo mwaka 112 hivi alimwandikia Kaisari Trajan kwamba hawa watu wanakutana alfajiri wanamwimbia Kristo kama mungu. Hapo Constantine hata babu yake hajazaliwa.

Sasa huko Nikea mwaka 325 maaskofu waligombania nini? Padri Arius wa Aleksandria alikubali kabisa kwamba Mwana alikuwako kabla ya dunia na vitu vyote viliumbwa kupitia yeye, ila akasema palikuwa na wakati ambapo hakuwako, Baba alimuumba yeye kwanza ndo vikafuata vingine. Wenzake wakamkatalia, maana kama ni kiumbe basi kanisa zima linaabudu kiumbe, na kiumbe atamuunganishaje mtu na Mungu wakati mwenyewe yuko upande huu wa viumbe? Hilo ndo lililomkesha Athanasius, aliyekuja kuwa askofu wa Aleksandria na mpinzani mkuu wa Arius, maisha yake yote. Ndo yakawekwa yale maneno ya Kanuni ya Imani tunayoyakimbiza kanisani Jumapili, "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba". Katika maaskofu kama 300, waliogoma hadi mwisho ni wawili tu, wote wa Libya.

Na huyo Constantine anayesingiziwa, baadaye alimrudisha Arius kutoka uhamishoni, akamfukuza Athanasius, na mwaka 337 akiwa mgonjwa wa kufa akabatizwa na Eusebius wa Nikomedia, rafiki mkubwa wa Arius! Mtu aliyelazimisha fundisho si angelilinda basi?

Anayetaka kubishia umilele wa Kristo aende Yohana 8:58, "Yeye Ibrahimu asijakuwako, mimi niko". Waliomsikia siku ile waliokota mawe wamtupie, walishaelewa anadai nini. Sema Yohana kaongopa, sawa, tutabishana vizuri tu, ila hiyo ya kura ya 325 acheni kunitumia.

Msomaji wenu,
Morogoro