Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka wa Ukungu Maktabani

Ndugu wanachama,

Ada na vipindi vya watoto vya Jumamosi vimekwenda vizuri. Mweka hazina atavieleza. Mimi nina neno juu ya kabati la ukutani.

Masika ya Tukuyu mnayajua: nguo hukaa kambani siku tatu bila kukauka. Aprili nilifungua kamusi yetu ya zamani, nikapokewa na harufu ya uvundo. Kwenye mshono wa kurasa vijidudu vyeupe, vidogo kuliko punje ya ulezi, vilikuwa vikikimbia mwanga. Karatasi ilikuwa na madoa ya kahawia, imelegea kama kitambaa kilichochakaa.

Tulinunua dawa, tukapulizia. Haikupita muda wakarudi. Uamuzi ule ulikuwa wangu, nami nawaomba radhi, maana fedha ni yenu.

Wale ni chawa wa vitabu, na wanachokifuata hasa ni ukungu. Hewa ya chumba ikizidi unyevu wa asilimia 65 hivi kwa muda mrefu, ukungu huota, ukalainisha karatasi na gundi ya wanga. Hapo huja pia yule mdudu wa rangi ya fedha anayeteleza kama samaki, akakwangua uso wa karatasi uliokwisha kulainika. Vimbegu vya ukungu humnata mwilini, vingine hutoka vizima kwenye kinyesi chake; akihamia kitabu cha pili, amekwisha kupanda. Sisi tulikuwa tunafukuza walaji huku shamba likistawi.

Mama mmoja mwanachama, muuza samaki, alituazima friza. Vitabu tulivifunga kwenye mifuko ya plastiki, vikakaa wiki mbili katika nyuzi 20 chini ya sifuri. Tulipovitoa hatukufungua mifuko hadi siku ya pili, kwani vikiwa bado baridi umande hutua juu yake. Na baridi huua wadudu tu. Ukungu hulala, ukingoja maji. Kisha tukavipangusa nje, kwa brashi laini, tumevaa barakoa. Kamusi imepona, ila kurasa za herufi M hazisomeki tena, na hilo linaniuma.

Kwa hiyo naomba fedha ya dawa ya mwaka ujao iende kwenye gata la paa upande wa mlimani, ili maji yasiloweshe ukuta, na makabati yasogezwe mbali na ukuta upana wa kiganja. Fundi amekwisha kupima. Akianza Oktoba, atamaliza kabla ya mvua.